KIVULI MJINI: USIHESABU MICHE, HESABU KIVULI CHA SAA 9 ALASIRI

Wengi mmezoea kunisoma nikiongelea mtama, alizeti, zabibu na viwavijeshi. Leo naomba tuingie mjini kidogo, kwa sababu mti wa mjini nao ni zao kama mazao mengine. Unataka shimo zuri, mbolea, maji na ulinzi dhidi ya mbuzi. Tofauti ni kwamba mavuno yake hayaingii kwenye gunia. Mavuno yake ni kivuli.

Mwenyekiti wa mtaa mmoja hapa Dodoma ameniuliza hivi: "Bwana shamba, tumeahidiwa miche 400 msimu huu. Mtaa wetu ni wa viwanja vipya, kivuli hakuna kabisa, watoto wanatoka shule wanaungua. Tuipande wapi?"

Nimelipenda hilo swali. Wengi huniuliza wapande miti mingapi, yeye kauliza aipande wapi. Nitamjibu hapa ili na wewe mwenye mtaa, shule, zahanati au kiwanja chako ufaidike.

Tatizo: tunahesabu kinachopandwa

Miti inapandwa, hilo tusibishane. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Hapa kwetu, Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, na aliyeizindua ni Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Mwamko upo.

Lakini idadi ya miche haisemi chochote kuhusu kivuli. Mche uliokauka Agosti bado uko kwenye taarifa ya Januari. Mti uliopandwa chini ya waya wa umeme utakatwa kichwa kila mwaka. Mti mwembamba kama mshale unahesabiwa mmoja, na mwembe wenye upana wa kufunika darasa zima nao unahesabiwa mmoja. Kwenye karatasi ni sawa, kwa mama anayeuza mboga juani si sawa hata kidogo.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa leo ni hiki: simama pale watu wanapotembea au kusubiri, saa 9 alasiri, mwezi wa 10. Je, wamesimama kivulini au juani? Mpango wa miti usiojibu swali hilo haujakamilika.

Kivuli kinafanya kazi gani hasa

Mti unapoza kwa njia mbili. Kwanza unazuia mionzi ya jua isifike kwenye ngozi, bati, ukuta na lami. Pili, majani yanatoa mvuke wa maji, na hewa ya jirani inapoa. Shirika la Marekani la Hifadhi ya Mazingira (EPA) linaeleza kuwa sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko sehemu kama hiyo iliyo juani wakati wa joto kali. Hapo tunaongelea uso wa ukuta, bati au lami. Hewa yenyewe inapungua kidogo tu, kama nyuzi 1 hadi 5.

Maana yake kwa mpangaji ni kubwa. Mti ulio mita 30 kutoka kituo cha daladala hausaidii sana anayesubiri gari. Faida kubwa iko chini ya mwavuli wenyewe na pale kivuli kinapoangukia. Ndiyo maana mahali pa kupanda pana uzito kuliko idadi.

Hatua ya 1: Tembea mtaa kabla ya kuchukua jembe

Chukua daftari, mchukue mjumbe mmoja na mwalimu mmoja, mtembee kati ya saa 8 mchana na saa 10. Andikeni:

- Watu wanasubiri wapi? (kituo cha daladala, kijiwe cha bodaboda, foleni ya zahanati, bomba la maji, genge la mboga)
- Watoto wanapita njia gani kutoka shule?
- Waya wa umeme umepita wapi, bomba la maji limepita wapi?
- Kuna miti au visiki gani tayari?

Kwenye njia kuu ya waenda kwa miguu, hesabu hatua 100. Andika ngapi umetembea kivulini. Ukipata 5 kati ya 100, hiyo ndiyo hali yenu ya leo. Rudieni zoezi hilo kila Oktoba, njia ileile, saa ileile. Baada ya miaka 5 mtajua kama miti yenu inafanya kazi au inapendeza kwenye taarifa tu.

Mpango Mkuu wa kwanza wa mji wetu, wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada, ulisisitiza mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kutumia mabasi. Wazo zuri. Ila mji wa kutembea bila kivuli kwenye jua hili la Dodoma ni adhabu.

Hatua ya 2: Lijue jua lako

Dodoma iko kama digrii 6 kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo mchana unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Lakini joto linalochosha nyumba ni lile la alasiri, na hapo jua liko magharibi.

*Kwenye nyumba:* mti wa kwanza panda upande wa magharibi. Tuseme mti una urefu wa mita 6, umbali wa mita 5 kutoka ukutani. Mwezi wa 10, kwenye saa 9 na nusu, kivuli kina urefu karibu sawa na mti wenyewe, kwa hiyo ndiyo kwanza kinagusa sehemu ya chini ya ukuta. Ikifika saa 10 na nusu kimeshapanda kama mita 3 na kufunika ukuta mzima. Usiku chumba cha upande huo utakiona tofauti. Mti wa pili panda mashariki kwa ajili ya jua la asubuhi. Wa tatu weka pale familia inapopikia au kukaa.

*Kwenye barabara inayokwenda kaskazini na kusini:* hapa wengi wanakosea. Alasiri kivuli kinaangukia mashariki ya mti. Kama njia ya watembea kwa miguu iko upande wa magharibi wa barabara, halafu wewe umepanda miti kati ya njia hiyo na lami, kivuli chote kinalala kwenye lami. Magari yanapoa, watu wanaungua! Hapo mti ulitakiwa ukae upande wa kuta za viwanja. Kwenye njia ya upande wa mashariki ni kinyume chake: mti ukae kati ya lami na njia.

*Kwenye barabara inayokwenda mashariki na magharibi:* kivuli cha asubuhi na jioni kinalala kufuata urefu wa barabara. Panda mstari karibu na njia yenyewe ili miavuli ikutane juu ya vichwa vya watu.

Kama huna uhakika, simika kijiti cha urefu wa mita 1 mahali unapotaka kupanda, uje saa 9 na nusu uone kivuli chake kinaelekea wapi. Ni bure, na hakidanganyi.

Hatua ya 3: Chagua mwavuli, usichague urembo

Mwavuli wa mti ni ule upana wa matawi na majani. Mti wenye mwavuli wa mita 8 kwa upana unafunika kama mita za mraba 50. Ashoki, ile tunayoipenda getini, ikiwa na upana wa mita 1.5 inafunika kama mita za mraba 1.8. Yaani unahitaji ashoki 28 kupata kivuli cha mwarobaini mmoja uliokomaa vizuri. Simtukani mwenye ashoki, ni mti mzuri wa kupendezesha. Ila usiuite mti wa kivuli.

Kwa mazingira yetu, mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na kiangazi cha miezi 7, maoni yangu ni haya:

1. Mwarobaini. Unastahimili ukame, mwavuli mpana, unakua haraka. Ukitunzwa, miaka 4 hadi 5 mtu anakaa chini yake.
2. Mkwaju. Unachelewa, lakini ukishakomaa ni kivuli cha vizazi, na ukwaju unauza. Mzuri kwa viwanja vya shule.
3. Mwembe. Kivuli kizito mwaka mzima. Unataka maji zaidi miaka ya mwanzo, kwa hiyo uwe nyumbani, usiupande barabarani.
4. Mkababu (Faidherbia albida). Huu una tabia ya ajabu: unapukutisha majani wakati wa mvua na kuwa na majani wakati wa kiangazi. Una miiba, kwa hiyo ufae zaidi kwenye maeneo ya wazi na pembezoni mwa mashamba ya mjini.
5. Chini ya waya wa umeme: mpera, mkomamanga, mndimu. Vifupi, vinazaa, havitasumbua mtu.

Ya kuangalia kwa makini: *mkrismasi* una maua mazuri lakini mizizi yake ya juujuu inanyanyua njia na sakafu. *Mfikasi* mizizi yake hufuata mabomba na karo la choo. *Mkaratusi* majani yake yananing'inia, kivuli chake ni chepesi mno. *Mbuyu* ukiukuta kwenye kiwanja usiukate, ni mali. Ila usiutegemee kwa kivuli cha Oktoba, mara nyingi wakati huo hauna majani.

Tena usipande aina moja mtaa mzima. Ukija ugonjwa au mdudu wa aina hiyo, mtaa mzima unabaki uchi.

Hatua ya 4: Idadi ya miti iamuliwe na maji

Sasa tufike kwenye kiini. Mche mmoja katika kiangazi cha kwanza unataka dumu moja la lita 20, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni lita 40 kwa wiki. Mei hadi Novemba ni kama wiki 30. Kwa hiyo mche mmoja unahitaji lita 1,200, sawa na madumu 60.

Miche 400 ya mwenyekiti wetu ni lita 480,000. Swali kwa kamati ya mtaa: nani atazibeba? Kama hakuna jibu, basi mnapanda kuni.

Maji yapo ila tunayamwaga. Maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo na ya kuoga yanafaa kwa miti ya kivuli. Masharti: yasiwe na jiki, yasiwe na mafuta mengi, mwagia kwenye kisahani cha udongo na siyo kwenye majani, na mara mojamoja mwagia maji safi ili chumvi ya sabuni isijikusanye.

Hatua ya 5: Kupanda kwa wakati na kwa usahihi

- Oktoba hadi Novemba: chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu weka pembeni, wa chini weka upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza.
- Mwishoni mwa Desemba hadi Januari: udongo ukishalowa sentimita 30 kwenda chini, panda. Chana na kuondoa kiriba chote! Kila mwaka naona miche imepandwa na nailoni yake, mizizi inajizungusha humo mpaka mti unakufa.
- Tengeneza kisahani cha upana wa mita 1 kuzunguka mche ili mvua ikusanyike. Kama kuna mteremko, acha upande wa juu wazi, tuta liwe upande wa chini.
- Weka matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa sentimita 10, yasiguse shina. Kagua mchwa kila wiki.
- Zungushia miiba. Mbuzi wa mjini hana mwenye kumchunga.
- Februari: mvua hukatika kwa muda. Mwagilia, usisubiri.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Kwa mikoa yenye masika ni sawa, lakini kwetu Dodoma mvua ndiyo zinaaga. Ukipanda siku hiyo, mche unaingia kiangazi ukiwa bado mgeni ardhini. Ushauri wangu: sisi tupande Januari, na 1 Aprili tuitumie kuhesabu miche iliyo hai, kuongeza matandazo na kugawana zamu za kumwagilia.

Umbali: mti mkubwa mita 5 kutoka ukuta wa nyumba na zaidi ya hapo kutoka karo la choo. Mti mdogo mita 3.

Usisahau kisiki hai

Kwenye viwanja vipya, greda likishapita watu wanadhani hakuna mti tena. Angalia vizuri baada ya mvua ya kwanza, utaona machipukizi. Kisiki kile kina mizizi ya miaka mingi, hakihitaji madumu 60. Chagua machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka, mengine kata, funga alama ya kitambaa ili watu wasiyaguse. Njia hii inaitwa Kisiki Hai, na taasisi ya LEAD Foundation imeisambaza sana vijijini hapa Dodoma. Mjini nako inafanya kazi.

Kupogolea: usikate kivuli kabla ya joto

Utakuta Septemba mtu kaufyeka mwarobaini ukabaki shina na mikono mitupu, halafu Oktoba analalamika joto. Pogoa mvua zinapoanza, mti utajirudishia haraka. Ondoa matawi ya chini kidogokidogo mpaka mtu apite wima, kama mita 2 na nusu, na usizidishe robo ya mwavuli kwa mara moja. Kukata kichwa cha mti wa kivuli ni kuuharibu.

Jibu langu kwa mwenyekiti

Ndugu mwenyekiti, gawa miche yako hivi:

*Miche 40 ya mahali pa watu:* shule, kituo cha daladala, zahanati, magenge, na njia ya watoto. Kila mche uwe na jina la mtu au kikundi kinachoumwagilia. Bodaboda wa kijiwe wapeni wa kijiwe chao, watautunza kwa sababu wataukalia. Hiyo ni lita 48,000 kwa kiangazi, kazi inayobebeka mkijipanga.

*Miche 360 kwa kaya 120, kila kaya mitatu.* Mitatu ni lita 120 kwa wiki, madumu 6, chini ya dumu moja kwa siku. Maji hayo kila nyumba inayamwaga tayari. Na mavuno yake? Miavuli mitatu ya mita 8 ni mita za mraba 150. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 600 hiyo ni robo nzima ya kiwanja.

Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kanuni ya 3-30-300: kila mtu aone miti mitatu kutoka nyumbani kwake, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya miavuli ya miti, na bustani au eneo la kijani lisizidi mita 300. Kwa ukame wetu, ile 30 ni mlima mrefu. Lakini ile 3 ya mwanzo iko mikononi mwa kila kaya, na mkifanikiwa hiyo mtakuwa mmeusogelea mlima wenyewe.

La mwisho kwako: lipa au sifia kilicho hai, siyo kilichopandwa. Mji wa Freetown, Sierra Leone, ulipoanza mradi wake wa miti milioni moja mwaka 2020, kila mche ulipewa namba yake kwenye simu, na wananchi wanaoutunza wanalipwa kadri wanavyouhakiki kuwa unaendelea kuishi. Mtaa wako hauhitaji programu ya simu. Daftari na rangi ya kuandika namba kwenye kigingi vinatosha. Soma majina hadharani kwenye mkutano wa mtaa kila miezi mitatu.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Mimi nimepanga, kwa nini nipande mti wa mwenye nyumba?*
Ni haki kuuliza. Anza na kivuli cha muda mfupi: simika nguzo na waya upande wa magharibi, pandisha pasheni au dodoki. Ndani ya msimu mmoja ukuta unapumzika. Mti wa kudumu ongea na mwenye nyumba, yeye anunue mche, wewe umwagilie.

*Ashoki zangu nizing'oe?*
Hapana, ziache zikae kama uzio. Ongeza mwarobaini mmoja upande wa magharibi.

*Mti utaleta nyufa?*
Mti sahihi kwa umbali sahihi, hapana. Ogopa mfikasi na mkrismasi uliopandwa mita moja kutoka kwenye msingi.

Haya ndugu zangu. Kama unasoma hii wakati wa joto, basi leo saa 9 na nusu toka nje na kijiti chako cha mita moja, kisimike upande wa magharibi wa nyumba, weka alama, kesho uanze shimo. Tukutane makala ijayo, nitaongelea namna ya kuotesha miche ya mkwaju mwenyewe nyumbani. Kazi njema.